Nani Mwingine Ana Ufunguo?

"Zaidi yangu mimi, nani mwingine ana ufunguo?"

Swali hilo niliulizwa na Bi Kuruthumu, fundi wa kofia, akiwa amesimama upande wa pili wa meza ya stesheneri yetu hapa Tabora. Mimi mwenye shahada ya chuo kikuu, iliyotundikwa ukutani kwa mama yangu, nilimwambia, "Hakuna mama, ni wewe tu," kwa kuwa ndivyo tulivyowaambia wateja wote.

Akanitazama kama anayetazama kitambaa alichoambiwa ni pamba. "Una hakika, au ndivyo mnavyosema?"

Nitarudi kwake. Kwanza niwaeleze ninyi mnaokalia kiti changu sasa, maana mmeniomba niandike, na kustaafu ni neno kubwa kwa mtu ambaye hajafika miaka arobaini. Lakini kazi ya stesheneri inazeesha kwa namna yake. Macho yangu yameandika barua za kuomba kazi za nusu ya mkoa, na mgongo wangu unaijua printa kuliko unavyoujua mto wa kulalia. Nimeaga. Sasa nakaa, na nikikaa nafikiri, na nikifikiri nauliza. Hiyo ndiyo tabia iliyomchosha bosi wangu tangu siku ya kwanza.

Bosi wangu aliitwa Shija, mtu wa upande wa Nzega, mkubwa wa mwili na mwepesi wa utani. Siku ya kwanza hakunionyesha kompyuta. Alinionyesha namna ya kupepea karatasi kabla ya kuziweka kwenye printa, kwa sababu vumbi la kiangazi cha Tabora huzifanya zishikane, na printa ikimeza mbili kwa mpigo utakaa nusu ya asubuhi unazitoa kipande kimoja kimoja. Akanionyesha kukata picha za pasipoti bila kumkata mtu sikio. Mwisho akanionyesha simu.

Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, imefungwa kwa mpira wa manjano, inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Hii ndiyo ofisi yenyewe," alisema. "Mteja akija kufunguliwa imeli, namba ya akiba unaweka ya simu hii. Paswedi unaweka jina lake la kwanza na mwaka aliozaliwa."

"Wote?"

"Wote. Kwa nini?"

"Kwa hiyo ukijua jina la mtu na umri wake, umeshaingia."

"Msomi," alisema, na jina hilo halikunitoka tena, "hao watu watasahau. Wote. Atakuja hapa na jasho, ameitwa kwenye usaili, barua iko ndani na hawezi kuifungua. Utamwambia nini? Utamsomea usalama?"

Alikuwa na hoja, na hilo mlikumbuke. Asilimia kubwa ya kazi yetu si kulinda milango, ni kuwafungulia waliojifungia nje. Niliwahi kumwona kijana mzima akilia mbele ya skrini kwa sababu aliweka herufi kubwa mahali fulani na hakukumbuka ni wapi.

Ila kulikuwa na jambo jingine nililolielewa taratibu. Watu wetu wamezoea sanduku la posta la mtu mmoja. Mfanyabiashara mjini ana sanduku, na ndugu zake, majirani zake na watu wa Ntalikwa wanaomuuzia mahindi, wote wanapokea barua kupitia kwake. Ufunguo anao yeye. Imeli ilipokuja, waliipokea vivyo hivyo. Kulikuwa na familia ya wakulima wa tumbaku huko Urambo yenye anwani moja ya baba, watoto wote na mjomba. Baba alikuja mjini kila baada ya masoko, nikamchapia zote, akarudi kuzisoma kwa sauti baada ya chakula cha jioni. Ndivyo binti yake alivyojua kwamba chuo kimemkataa: mbele ya mjomba, na mjomba akatoa maoni.

Nilimuuliza Shija kama zamani, barua zilipokuwa zikilala hapa Tabora nyumbani kwa mtu zikisubiri msafara wa kuelekea Ujiji, mwenye nyumba alikuwa hazisomi.

"Mimi nilikuwepo?" alijibu. "Toa kopi hizo."

Sasa Bi Kuruthumu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjini hapa toka kwa babu zake, na kofia zake za mkono zilijulikana: nyeupe, tabaka mbili za pamba nyembamba, vitobo vilivyoshonwa kwa uzi mweupe hadi unadhani nguo imejiotea yenyewe. Alikuwa mjane, akiishi kwa kaka yake mkubwa, Mzee Juma, muuza vitambaa. Alikuja akiwa na kipande cha bahasha mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka imeli. Ila nataka sanduku lenye ufunguo mmoja."

Ndipo aliponiuliza lile swali, na nilipomjibu ovyo alivuta kiti akakaa. Aliongea polepole, mara kwa mara akitazama mlangoni.

Kabla ya kuolewa alizaa mtoto wa kike, Tausi. Familia ya baba wa mtoto, watu wa Bukene, walimchukua akiwa mchanga, na Mzee Juma ndiye aliyewapa neno lake kwamba jambo hilo limeisha. Tausi alipojua kuandika aliandika. Barua zilikuja kwenye sanduku la kaka. "Alinifichulia mwenyewe, tulipogombana siku ya msiba wa mama," Bi Kuruthumu alisema. "Alisema, 'Nilizichana kwa faida yako.' Mtoto akaona hajibiwi, akaacha." Sasa Tausi alikuwa mtu mzima, fundi wa maabara Mwanza, na kwa kupitia fundi mwenzake wa kofia, Bi Kuruthumu alikuwa amemtumia salamu. Jibu lilikuwa kwenye kile kipande cha bahasha: anwani ya imeli, na maneno machache kwamba safari hii akinyamaziwa hatauliza tena.

"Si umpigie simu?" nilisema.

Alicheka. "Simu yangu? Nyumbani kwetu simu ya mama inapokelewa na aliye karibu nayo. Nikiwa jikoni inapokelewa sebuleni. Ujumbe ukiingia, mtoto anausoma kwa sauti kama tangazo la msikitini."

"Basi nipe siku chache," nilisema. "Nikakuulizie."

Zilikuwa siku nzuri, siwafichi. Nilikuwa nimechoka kupepea karatasi, na hapa palikuwa na kitu cha kuchimba. Nilianza na yangu mwenyewe. Nilimwambia Shija, "Bosi, mimi nakwenda kunywa chai kwa mama wa chapati. Jaribu kuingia kwenye imeli yangu."

"Nikiingia?"

"Chai nalipa mimi wiki nzima."

Sikumaliza kikombe. Niliporudi alikuwa anasoma barua ya shangazi yangu kuhusu mchumba aliyenipatia Igunga, anacheka hadi meza inatikisika. "Msomi! Huyu mwenye ng'ombe mbona hukumjibu?" Hakugusa paswedi yangu hata kidogo. Alibonyeza pale penye maneno ya kusahau, namba za uthibitisho zikaingia kwenye simu ya msumarini, maana hata mimi niliweka namba hiyo, basi. Ulinzi wote wa herufi kubwa na alama ulikuwa umelala nyuma ya mlango, umefungwa kwa mpira wa manjano.

Nikajua hapo kwamba nilikuwa nauliza swali bovu. Nilikuwa nauliza paswedi ipi ni ngumu. Bi Kuruthumu aliuliza vizuri zaidi: nani mwingine ana ufunguo?

Nikaanza kulipeleka swali hilo kwa kila huduma. Ile kubwa, ambayo karibu kila mtu anayo, ni ya bure na haizimiki ovyo, lakini barua zako ziko kwa mwenye huduma na anaweza kuzifungua, na akaunti inajengwa juu ya namba ya simu. Nyingine za bure zilikuwa na matangazo yaliyokujua mno. Nilizisoma sera zao za faragha hadi mwisho, jambo ambalo Shija alisema hakuna mtu aliyewahi kulifanya tangu dunia iumbwe. Kisha nikapata za aina ya tatu, ndogo, za ng'ambo. Hizi hufunga barua kabla haijatoka kwenye kompyuta yako, kiasi kwamba hata mwenye huduma akitaka kuisoma anaona takataka. Hazikudai namba ya simu. Badala yake zinakupa mstari wa maneno ya Kiingereza yasiyohusiana, kama mtu aliyefungua kamusi akiwa na homa. Ukisahau paswedi, mstari huo unakurudisha. Ukiupoteza na huo, barua zako zimekwenda, na hakuna ofisi ya kulalamika.

Sikuamini mara moja. Nilifungua ya kwangu, nikajisahaulisha paswedi kwa makusudi, nikajaribu kuingia kwa njia zote. Mlango haukufunguka hadi nilipoandika yale maneno. Nikajiandikia barua kutoka huduma moja kwenda nyingine, nikagundua kwamba kufunga huku kunakamilika tu pande zote mbili zikiwa za aina hiyo. Ukimwandikia mtu wa huduma ya kawaida, upande wake barua inakaa wazi. Hilo matangazo yao hayakulisema kwa herufi kubwa.

Bi Kuruthumu aliporudi nilimweleza yote, na bado nilikuwa nataka kumpa ile kubwa, kwa kuogopa asije akasahau. Nikamuuliza, kama jambo la kawaida, laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la nani.

"La kaka."

"Kaka kivipi?"

"Walipotangaza kusajili kwa alama za vidole, kitambulisho changu kilikuwa hakijatoka. Kaka akaweka kidole chake. Yangu, ya wifi, ya watoto. Laini zote za nyumba ile ni kidole cha kaka."

Wangapi kati ya wateja wetu walikuwa hivyo? Mwenye kidole anaweza kwenda kwa wakala, akasema kadi imepotea, akapewa nyingine yenye namba ileile. Namba zote za uthibitisho zingemwendea yeye. Ile huduma kubwa ingemkabidhi Mzee Juma ufunguo wa pili wa sanduku, kwa heshima zote.

Tukafungua ile ndogo. Paswedi aliiandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja.

"Geuka," aliniambia.

"Mama, nimekusaidia wiki nzima!"

"Ndiyo maana nakuomba kwa adabu. Geuka."

Nikageuka. Nikamwambia kwamba kompyuta ya duka nayo si ya kuiamini sana, asikubali ikumbuke chochote, na afunge kila akimaliza. Tausi naye, kwa barua ya kwanza, aliombwa afungue ya aina hiyohiyo. Yale maneno ya kurudishia niliyachapa kwenye karatasi.

"Weka mahali salama."

"Nyumbani kwa kaka hakuna kona ambayo haipekuliwi," alisema. "Wifi anajua hata sindano zangu zimo ngapi." Akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akaondoka. Kesho yake alinirudishia majivu kwenye kifuniko cha kopo, ili niyaone. "Nimeshayahifadhi."

"Wapi?"

"Mahali."

Tangu hapo alikuja kila alipopeleka kofia sokoni. Alikaa kwenye kompyuta ya pembeni, mgongo ukutani, akasoma huku midomo ikicheza. Sikuuliza kilichoandikwa, na niwaambie wazi, kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Nilijua tu siku za furaha kwa sababu alisahau kuchukua chenji.

Kisha ukaja mzigo. Tausi alituma dagaa na doti ya kanga kwa basi, na kwa kutojua akaandika juu yake jina la mama, namba ya simu, na ile anwani ya imeli. Wakala wa basi alipiga simu. Simu ikapokelewa sebuleni.

Mzee Juma hakugombana na mtu. Asubuhi moja simu ya Bi Kuruthumu ikakosa mtandao, na kabla ya adhuhuri mzee mwenyewe akaingia dukani kwetu, kanzu safi, kofia imekaa sawasawa, simu mkononi.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, dada yangu amesahau paswedi yake. Ana aibu kuja. Namba za uthibitisho zitaingia hapa." Akaiweka simu juu ya meza. "Laini ni yangu."

"Mzee, imeli ya mtu mwingine siwezi kuifungua. Aje mwenyewe."

Shija akatoka nyuma. Mzee Juma alikuwa mteja wake wa siku nyingi. "Msomi, mzee amekuja kwa adabu. Mjaribishie tu."

"Bosi, si yake."

"Mimi ndiye niliyemlea Kuruthumu," Mzee Juma alisema, bila hasira. "Sitaki ubaya. Nataka kujua tu nyumbani kwangu kunaingia nini."

Shija akavuta kibodi mwenyewe. Sikumzuia, mikono ilikuwa yake, na duka pia. Akaandika ile anwani iliyokuwa kwenye mzigo, akabonyeza pale pa kusahau. Sote watatu tukaitazama simu ya mzee. Haikulia. Skrini haikutaja simu kabisa. Ilifungua kisanduku kitupu na kuomba maneno.

"Maneno gani?" Mzee Juma aliuliza.

"Ya kufungulia, mzee," nilisema. "Anayajua mwenyewe."

"Ameyaandika wapi?"

"Sijui. Wallahi sijui."

Joto lilikuwa kali. Akaivua kofia, akaiweka kando ya kibodi, akajifuta kipara kwa leso, akaendelea kukikodolea macho kile kisanduku. Shija akajaribu jina na mwaka wa kuzaliwa, kwa mazoea. Kisanduku kikatikisika na kukataa. Mzee akavaa kofia yake, akaaga vizuri, akaenda. Shija akaichukua ile simu ya msumarini akaigeuzageuza. Wiki hiyohiyo tulianza kuwaita wateja wa zamani, mmoja mmoja, tuwawekee namba zao wenyewe.

Hatari yenyewe ilikuja baada ya hapo. Bi Kuruthumu, kwa kuogopa, alibadilisha paswedi haraka haraka, na siku chache baadaye hakuikumbuka. Alijaribu, akajaribu. Barua ya mwisho aliyoisoma ilisema Tausi anapita Tabora kwa treni Jumanne, anahamia Dar es Salaam. Kama mama atakuwa stesheni, amwandikie kwa anwani hiyohiyo, maana nyingine hataiamini. Asipoona neno, hatashuka behewani.

"Basi leta yale maneno," nilisema. "Nenda kachukue, nakusubiri."

"Leo siwezi."

"Leo Alhamisi, mama. Jumanne ni karibu."

"Kesho Ijumaa," alisema, kana kwamba hilo linaeleza kila kitu. "Nitakuja Jumamosi."

Ijumaa hiyo nilikuwa mtu asiyefaa. Nilitoa kopi zilizopinda. Niliwaza kwamba amechoma karatasi na kumbukumbu pamoja, kwamba anaahirisha tu kuniambia, na kwamba mimi, kwa kupenda kwangu mlango usiofunguka, ndiye niliyemjengea. Shija alinipa chai, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

Jumamosi alikuja asubuhi, harufu ya wanga wa nguo mikononi. Alifungua kiganja. Maneno yale yalikuwa yameandikwa kwa kalamu, herufi moja moja kama mtu anayenakili asichokielewa, kutoka kwenye kidole gumba hadi kwenye kifundo cha mkono. Aliyaandika kwenye kisanduku. Mlango ukafunguka. Akaandika jibu fupi, akalisoma mara mbili, akatuma, kisha akaenda bombani kunawa.

Jumanne sikwenda stesheni. Nilisikia honi ya treni nikiwa dukani, nikasikia tena ilipoondoka. Bi Kuruthumu alipita baadaye akiwa amejifunga ile kanga, macho mekundu, akasema tu, "Alishuka." Nilijua pia, maana mji huu hausubiri kuulizwa, kwamba alimwambia kaka yake siku hiyohiyo, kwa mdomo wake mwenyewe, na kwamba walinuniana mwezi mzima na kisha Mzee Juma akauliza kama mtoto siku ile alikula.

Sasa mkiulizwa na mteja imeli ipi ni salama, msimtajie jina la huduma kabla hamjamuuliza yeye maswali. Anamwogopa nani? Huyo ana kidole kwenye laini yake? Simu yake inapokelewa na nani? Akisahau, atarudije? Kuna anayehitaji mlango mgumu, na kuna ambaye mlango mgumu utamuua kwa njaa ya barua.

Swali moja tu nilibaki nalo miaka yote, kwamba yale maneno aliyahifadhi wapi, na kwa jinsi nilivyo, mnadhani nililala vizuri? Jibu nililipata juzi, baada ya kuaga kazi, nilipokwenda kumsalimia Bi Kuruthumu na kumkuta uani akifua. Alikuwa na kofia moja ya mkono kwenye beseni. Ilipoloa, tabaka la juu likawa kama maji, na chini yake nikaona herufi za uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, mstari mzima wa Kiingereza cha mwenye homa. Kofia ikikauka hazionekani. Nyumba nzima hupekuliwa, aliniambia, isipokuwa hiyo, ambayo hakuna anayethubutu kuigusa, na ambayo kila baada ya swala ya Ijumaa humrudia mikononi ili aifue na kuitia wanga. Ilikuwa kofia ya Mzee Juma, ileile aliyoivua na kuiweka kando ya kibodi yetu siku aliyokuja kuyatafuta maneno.